Mahari ya Haki: Ndoa katika Mashairi ya Biblia

Wimbo Ulio Bora ni kitabu kifupi cha sura 8 na aya 117. Ndani yake hamna sheria, hamna unabii, hamna sala. Jina la Mungu halitajwi waziwazi. Lipo neno moja tu la Kiebrania katika sura ya mwisho, linaloeleza miali ya upendo, ambalo huenda limebeba kifupi cha jina hilo katika silabi yake ya mwisho, na wafasiri hawajaacha kulibishania. Kilichomo ni sauti ya mwanamke na sauti ya mwanamume wanaotafutana, wanaoitana bustanini, wanaopoteana usiku mjini na kuonana tena, huku mabinti wa Yerusalemu wakisikiliza na kuitikia. Mwanamke ndiye anayefungua mazungumzo na ndiye anayeyafunga, na maneno yake ni mengi kuliko ya mwenzake.

Jambo moja hupita bila kuonwa na wasomaji wengi. Mama anatajwa mara kadhaa, nyumba yake inatajwa, kaka wenye hasira wanatajwa. Baba hatajwi hata mara moja. Katika jamii ambayo binti aliozwa na babaye, hilo si dogo. Neno la bibi arusi nalo limejikusanya mahali pamoja: linatokea mara 6, zote kati ya katikati ya sura ya 4 na mwanzo wa sura ya 5, na arusi yenyewe inatajwa mara moja tu, pale Sulemani anapoonekana amevaa taji aliyovikwa na mama yake. Kwa hiyo kitabu kinachosomwa kama shairi la ndoa kuliko vyote katika Biblia kinazungumza zaidi juu ya shauku kuliko juu ya mkataba. Ili kuona uzito wa ukimya huo, yafaa kwanza kujua ndoa ilifungwaje.

Katika Israeli ya kale ndoa ilikuwa na hatua mbili. Ya kwanza ilikuwa posa, ambapo mwanamume alikabidhi mali kwa jamaa za binti. Mali hiyo Kiebrania kiliita mohar, neno ndugu wa mahr ya Kiarabu ambayo Kiswahili kiliichukua na kuiita mahari. Neno hilo linaonekana mara 3 tu katika Biblia ya Kiebrania. Katika Mwanzo, Shekemu anaahidi kutoa mahari yoyote atakayotajiwa ili apewe Dina. Katika Kutoka, sheria inamtaka mtu aliyemshawishi mwanamwali ailipe. Katika Samweli wa Kwanza, Sauli anakataa fedha na kumtaka Daudi alete govi 100 za Wafilisti, akitumaini kwamba atauawa akizitafuta. Daudi analeta 200 na kumchukua Mikali, binti wa Sauli. Yakobo hakuwa na mali, akalipa kwa jasho: miaka 7 kwa ajili ya Raheli, na alipodanganywa akapewa Lea, miaka mingine 7.

Baada ya mahari kupokelewa, sheria ilimhesabu binti kuwa mke hata kama bado alikaa kwa wazazi wake, na mtu aliyelala naye alihukumiwa kama mzinzi. Hatua ya pili, ya kumpeleka kwa mumewe, ilikuja baadaye, pengine baada ya miezi mingi, kwa maandamano, nyimbo na karamu ya siku 7, kama ile ya Samsoni iliyoharibiwa na kitendawili. Pengo hilo kati ya kuposwa na kuchukuliwa lilikuja kuwa na maana kubwa katika dini.

Nyimbo zilikuwa sehemu ya sherehe yenyewe. Yeremia anazitaja mara 4, na kila mara sauti ya bwana arusi na ya bibi arusi ndiyo kipimo cha uhai wa nchi: mara 3 Mungu anatishia kuinyamazisha, na mara ya 4 anaahidi kwamba itasikika tena katika mitaa iliyobaki ukiwa. Nabii anayetaka kueleza mwisho wa taifa hasemi kwanza juu ya hekalu wala kiti cha enzi. Anasema hakutakuwa na arusi, na hilo mtu yeyote wa kijijini alilielewa.

Wimbo mmoja wa namna hiyo umehifadhiwa ukiwa mzima, nao ni Zaburi ya 45, ambayo kichwa chake kinaiita wimbo wa mapenzi na kuihusisha na wana wa Kora. Mtunzi anamsifu mfalme siku ya arusi yake: upanga wake, haki ya utawala wake, mavazi yenye harufu ya manemane, nyumba zilizopambwa kwa pembe za ndovu. Kisha anamgeukia bibi arusi, ambaye inaonekana ametoka nchi nyingine, na kumshauri asahau watu wake na nyumba ya babaye. Pembe hizo si maneno matupu ya mshairi. Kitabu cha Wafalme kinasema Ahabu alijenga nyumba ya pembe, na wachimbaji wa mambo ya kale waliofukua Samaria katika karne ya 20 walikuta vipande vingi vya nakshi za pembe za ndovu. Zaburi hii ilitungwa kwa ajili ya ndoa ya mfalme wa kweli, ndoa ya siasa kama zilivyokuwa nyingi za wafalme. Falme zilipoanguka na kiti cha Daudi kikabaki kitupu, wimbo haukutupwa. Uliendelea kuimbwa ukimngojea mfalme ajaye. Waraka kwa Waebrania uliuchukua na kumwelekezea Kristo maneno yake kuhusu kiti cha enzi cha milele.

Mithali ina njia yake. Sura ya 5 inamwasa kijana anywe maji ya kisima chake mwenyewe, na katika nchi kavu ya Yuda fumbo hilo halikuhitaji kufafanuliwa. Sura ya 31 inaanza na mafundisho ya mama kwa mwanawe mfalme Lemueli, na inamalizia kwa shairi la aya 22 juu ya mke hodari, kila aya ikianza kwa herufi inayofuata ya alfabeti ya Kiebrania. Mke huyo ananunua shamba, anasuka na kuuza nguo, analisha nyumba kungali usiku. Sifa za uso wake hazimo kabisa. Wayahudi wengi huliimba shairi hili mezani jioni ya Ijumaa, wengine wakimwelekezea mama wa nyumba, wengine wakiielekezea Sabato yenyewe au Torati.

Hatua iliyobadilisha yote ilipigwa na Hosea, nabii wa ufalme wa kaskazini katika karne ya 8 KK, miaka ya mwisho kabla Samaria haijaangushwa na Waashuri mwaka 722. Kitabu chake kinasema aliamriwa kumwoa Gomeri, mwanamke wa uzinzi, na watoto wao 3 wakapewa majina ya kutisha, mmojawapo likiwa na maana ya “si watu wangu”. Ndoa yake iliyovunjika ikawa mfano wa agano lililovunjika. Israeli walikuwa wakimwendea Baali, mungu wa mvua na mavuno, na hapo lugha yenyewe ilimpa nabii silaha. Kiebrania kina maneno mawili ya kumwita mume: ishi, yaani mtu wangu, na baali, yaani mwenye kunimiliki. La pili lilikuwa pia jina la mungu wa Wakanaani. Hosea anatangaza kwamba siku itakuja ambapo Israeli atamwita Mungu kwa neno la kwanza na kuliacha la pili. Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu hapa, kwa kuwa bwana katika lugha yake ni mume, ni mwenye mali, na ni Mungu anayeombwa.

Kisha inakuja posa ya pili. Mungu anaahidi kumposa tena mke aliyemwacha, na kiambishi cha Kiebrania kinachotumika hapo ndicho kilichotumika Daudi aliposema alimposa Mikali kwa govi 100: ni kiambishi cha bei. Lakini vinavyotajwa baada yake si shekeli wala kondoo, bali ni haki, hukumu, fadhili, huruma na uaminifu. Hiyo ndiyo mahari. Sura inayofuata inarudi chini kwenye soko: Hosea anamkomboa mwanamke kwa vipande 15 vya fedha na homeri moja na nusu ya shayiri, malipo yanayosikika kama ya mtu aliyekuwa akiokoteza akiba ghalani. Mahari mbili zimewekwa ubavu kwa ubavu, na nguvu ya fumbo inatoka katika tofauti yao. Asiyejua desturi ya mahari anaona orodha ya maadili mema. Aliyeijua aliona mchumba akishusha mzigo mlangoni.

Waliomfuata Hosea waliupanua mfano huo, na si kila mara kwa upole. Isaya anaanza sura ya 5 kama mwimbaji wa sherehe, akiimba juu ya mpendwa wake na shamba lake la mizabibu, na mzabibu katika nyimbo za mapenzi ni mwanamke. Wasikilizaji wanapokwisha kuvutwa, shamba linageuka kuwa wao wenyewe na wimbo unageuka kuwa hukumu. Ezekieli, katika sura ya 16 na ya 23, anasimulia habari za Yerusalemu kama mke mzinzi kwa ukali ambao bado unawatesa wasomaji, kwani adhabu anayoieleza inaangukia mwili wa mwanamke na mume ndiye mwenye kuitoa. Fumbo la ndoa lilikuwa limebeba pia dhuluma za ndoa za wakati wake. Sura za mwisho za Isaya, zilizotoka kwa watu waliorudi kutoka Babeli, zinarejesha faraja: nchi iliyoitwa ukiwa inapewa jina jipya la mke aliyeolewa, na Mungu anaifurahia kama bwana arusi.

Katika mazingira hayo ndipo Wimbo Ulio Bora ulipokusanywa. Kichwa chake kinauhusisha na Sulemani, aliyetawala karne ya 10 KK, na baadhi ya vipande vinaweza kuwa vya kale sana: Tirsa, unaolinganishwa na Yerusalemu kwa uzuri, ulikuwa mji mkuu wa kaskazini kabla Samaria haijajengwa. Lakini bustani ya sura ya 4 inaitwa pardes, neno la Kiajemi lililozaa paradiso kwa njia ya Kiyunani na Firdausi kwa njia ya Kiarabu. Neno hilo linaashiria kwamba kitabu kilipata sura yake ya mwisho baada ya Waajemi kuitawala nchi, karne kadhaa baada ya Sulemani. Kuhusu mahari, kitabu kina neno moja tu, na ni kali: mtu akitaka kubadilisha mali yote ya nyumba yake kwa upendo, atadharauliwa. Baba aliyekosekana katika kitabu kizima amekosekana pia sokoni. Hosea alibadilisha mahari. Mshairi huyu aliicheka.

Kitabu cha namna hiyo kiliingiaje miongoni mwa maandiko matakatifu? Mishna, mkusanyo wa mafundisho ya marabi ulioandikwa yapata mwaka 200 BK, imehifadhi kumbukumbu ya mabishano ya marabi kuhusu Wimbo na Mhubiri. Rabi Akiva, aliyeuawa na Warumi baada ya uasi wa Bar Kokhba wa miaka 132 hadi 135, alikataa hata kukubali kwamba ubishi uliwahi kuwapo. Kwake maandiko yote ni matakatifu, na Wimbo ni patakatifu pa patakatifu. Mapokeo mengine yanasema alimnyima sehemu katika ulimwengu ujao yeyote anayeuimba Wimbo karamuni kama wimbo wa kujifurahisha. Onyo hilo ni ushahidi mzuri kwamba watu walikuwa wakiuimba hivyo hivyo. Talmudi inasimulia kuhusu Akiva mwenyewe kwamba alikuwa mchungaji maskini, na binti wa tajiri aliyemwajiri akakubali kuolewa naye kwa siri. Baba akaapa kumnyima mali yake. Iwe kweli au hadithi, wasimulizi walijua kumchagulia mtetezi wa Wimbo ndoa inayolingana nao.

Baada ya Akiva njia ilikuwa wazi. Mpendwa ni Mungu, mpenzi wake ni Israeli, na kila busu, kila mlango uliofunguliwa kwa kuchelewa, ni tukio la historia. Targumi ya Wimbo, tafsiri ya Kiaramu yenye maelezo marefu iliyotungwa mwanzoni mwa Zama za Kati, inakisoma kitabu chote kama safari kutoka Misri hadi kuja kwa Masihi. Ndiyo maana Wayahudi wengi huusoma Wimbo katika sikukuu ya Pasaka, usiku na majira ya kutoka utumwani. Katika karne ya 16, wanafumbo wa mji wa Safed huko Galilaya waliipokea Sabato kila Ijumaa jua likizama kama bibi arusi, na shairi la makaribisho lililotungwa na mmoja wao, Shlomo Alkabetz, linaimbwa hadi leo katika masinagogi ya dunia nzima.

Wakristo walirithi fumbo lilelile wakiwa tayari na ufunguo mwingine. Yohana Mbatizaji anajiita rafiki wa bwana arusi. Waefeso inafananisha Kristo na mume aliyejitoa mwenyewe kwa ajili ya kanisa, na hapo mahari imekuwa mtu. Pengo la hatua mbili za ndoa likapata kazi. Paulo anawaambia Wakorintho kwamba amewaposea mume mmoja, na Ufunuo unaiweka arusi ya Mwanakondoo mwishoni mwa nyakati. Kanisa basi ni mchumba: amekwisha kufungwa kisheria, bado hajachukuliwa. Kwa wasikilizaji wa karne ya kwanza haukuwa msemo wa kitaalamu, ilikuwa hali ya binti yeyote aliyekuwa akingoja nyumbani kwao.

Origen, mwanachuoni wa Alexandria, aliandika ufafanuzi mkubwa wa Wimbo yapata mwaka 240. Sehemu yake imesalia katika tafsiri ya Kilatini. Aliuona kama wimbo wa arusi uliotungwa kwa namna ya mchezo wa kuigiza, na bibi arusi kwake ni kanisa na pia ni roho ya mtu mmoja mmoja. Nyongeza hiyo ya pili ilifungua mlango wa karne nyingi za maisha ya sala. Aliwaonya wasiokomaa wasikishike kitabu. Yeronimo naye, akimshauri mama mmoja wa Kirumi namna ya kumlea bintiye, aliuweka Wimbo mwisho wa masomo yote. Aliyejitenga na wote ni Theodori wa Mopsuestia, aliyefariki 428: yeye alisema Sulemani aliandika kumtetea mkewe Mmisri dhidi ya waliomdharau. Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 553 ulimlaani kwa mafundisho yake, na kwa muda mrefu hakuna aliyethubutu kufuata njia hiyo.

Bernardo wa Clairvaux alianza kuwahubiria wamonaki wake juu ya Wimbo mwaka 1135. Alipofariki miaka 18 baadaye alikuwa ametoa hotuba 86 na kufika mwanzo tu wa sura ya 3. Huko Uhispania ya karne ya 16 jambo lilikuwa la hatari. Luis de León, profesa wa Salamanca, aliutafsiri Wimbo kwa Kihispania kwa ajili ya mtawa mmoja wa jamaa yake, na akaueleza kwanza kama maneno ya watu wawili wanaopendana. Tafsiri hiyo ilikuwa mojawapo ya mashtaka yaliyomweka kwenye gereza la mahakama ya uzushi kuanzia 1572 hadi 1576. Teresa wa Avila aliandika tafakari zake juu ya kitabu hichohicho, akaamriwa na padre wake wa kitubio azichome, akazichoma. Nakala zilizokuwa mikononi mwa wengine zikaokoka. Yohane wa Msalaba alitunga sehemu kubwa ya shairi lake la roho na Mpendwa akiwa amefungwa na watawa wenzake huko Toledo, miaka ya 1577 na 1578. Kwa upande wa Waprotestanti, mwanachuoni Castellio alikataliwa kuwa mchungaji huko Geneva mwaka 1544, mojawapo ya sababu ikiwa kuuita Wimbo shairi la anasa, jambo ambalo Calvin hakulivumilia.

Maana ya kwanza ilirudi kwa njia ya wasafiri na mafunjo. Herder wa Ujerumani alichapisha mwaka 1778 tafsiri ya Wimbo kama mkusanyo wa nyimbo za mapenzi. Mwaka 1873 Wetzstein, aliyekuwa balozi mdogo wa Prussia huko Damascus, alieleza arusi za vijiji vya Syria: kwa wiki nzima bwana na bibi arusi waliitwa mfalme na malkia, wakaketishwa juu ya ubao wa kupuria nafaka uliopambwa uwe kiti cha enzi, na wageni wakaimba wasf, maelezo ya uzuri wa mwili kiungo kwa kiungo. Wimbo Ulio Bora una tungo 4 za namna hiyo, na moja kati yake ni ya mwanamke akimsifu mwanamume kuanzia kichwani. Neno wasf lina mzizi mmoja na sifa na wasifu za Kiswahili, na bibi arusi wa pwani anayeimbiwa sifa zake angeutambua mtindo huo mara moja. Kisha, mwaka 1931, Alan Gardiner alichapisha funjo la Misri la karne ya 12 KK lenye nyimbo ambamo kijana na msichana wanapokezana beti, na kijana anamwita mpenzi wake dada, kama anavyofanya mpenzi wa Wimbo. Lugha hiyo ya mapenzi ilikuwa imeenea Mashariki ya Kale kabla Israeli haijapata mfalme.

Mahari yenyewe ilibadilika pia. Chini ya marabi mzigo ulihama kutoka malipo ya papo hapo kwa baba hadi ahadi iliyoandikwa kwa mke, ketuba, ambayo Mishna iliikadiria zuzi 200 kwa mwanamwali na 100 kwa mjane, zikilipwa akiachwa au akifiwa. Mahari ile nyingine ya Hosea imebaki katika sala. Asubuhi za siku za kazi, Myahudi anayeshika mapokeo hufunga kanda za ngozi za sala mkononi, na anapoizungusha ya mwisho mara 3 kwenye kidole cha kati, hutamka maneno ya nabii juu ya kuposwa kwa haki, hukumu, fadhili, huruma na uaminifu.